Kemikali za chakula na tumbo la mtoto: zipi hasa zinadhuru bakteria wa utumboni?

Mama wa Shangani (Mtwara Mjini) ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 9, amekuwa akilalamika tumbo mara mbili au tatu kwa wiki tangu miezi mitatu iliyopita. Tumbo hujaa gesi, siku nyingine choo huwa laini mno, na siku nyingine hapati choo kabisa. Tulimpima choo na mkojo. Minyoo haikuonekana, kichocho hakikuonekana, hana homa wala hajapungua uzito. Daktari aliyemwona alinishauri nimpunguzie vitu vya dukani, lakini foleni ilikuwa ndefu na sikupata nafasi ya kuuliza ni vitu gani hasa, wala kwa sababu gani.

Ijumaa iliyopita nilimwaga mkoba wake wa shule mezani. Nilikuta vipakiti viwili vya ubuyu wa rangi, kipakiti cha unga wa juisi ambacho watoto hukilamba hivyo hivyo bila maji, karatasi za bigijii, na kijiti cha lambalamba. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, na wekundu ule haukutoka kwa sabuni hadi kesho yake asubuhi. Ubuyu ulikuwa umefungwa katika plastiki isiyo na maandishi yoyote. Kwenye vipakiti vingine nilivaa miwani nikasoma: E466, E102, E129, E955, E420. Sikujua hata kimoja.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mzaliwa wa Newala, anasema zote hizo ni kemikali, na kwamba enzi zao watoto walikula ugali wa muhogo, mbaazi na mabibo, na hakuna aliyesumbuliwa na tumbo. Ninamheshimu sana, lakini mimi mwenyewe nimekulia katika mikorosho nikiona majani yamekuwa ya njano kwa salfa, na mabibo tuliokota chini ya mikorosho hiyo hiyo. Je, salfa si kemikali?

Ninaomba mwenye elimu anieleze kwa utulivu: kemikali zinazotiwa katika chakula zinafanya nini ndani ya utumbo? Nimesikia kwamba kuna bakteria wazuri ambao zinawaua. Ni kweli, au ni maneno ya kuuzia dawa?

---

Mwanamaabara (Mikindani):

Pole sana, dada. Swali lako ni zuri kwa sababu umetaka kujua *zipi* na *kwa njia gani*. Neno kemikali peke yake halitufikishi popote, maana chumvi ni kemikali na maji ni kemikali.

Katika utumbo mpana wa mtu mzima wanaishi bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38. Kazi yao kubwa ni kula kile ambacho sisi hatuwezi kukimeng'enya, hasa nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mboga za majani na matunda, na katika kula huko wanatoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo ya asidi hizo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika utumbo mpana. Kati ya seli hizo na bakteria kuna ute wenye tabaka mbili: tabaka la nje ambamo bakteria wanaishi, na tabaka la ndani, zito, ambalo kwa mtu mwenye afya karibu halina bakteria kabisa. Ukiuelewa ute huu, umekwisha kuelewa nusu ya jambo lenyewe.

E466 uliyoisoma ni kiungo kinachotokana na selulosi, ambacho hutiwa ili kufanya kinywaji kiwe kizito na mafuta yasijitenge na maji. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya panya waliopewa kiungo hicho, pamoja na kingine kiitwacho E433, katika maji ya kunywa. Bakteria wa panya wale walibadilika, wakasogea karibu zaidi na ukuta wa utumbo, ute ukapungua, na utumbo ukapata uvimbe mdogo wa mwasho (inflamesheni) usiokwisha. Mwaka 2022 yalifuata majaribio ya watu wachache wenye afya, 16 tu, ambapo baadhi yao walikula gramu 15 za E466 kila siku kwa siku 11. Aina za bakteria zilipungua, asidi fupi za mafuta zilipungua, na kwa washiriki wawili bakteria walikutwa wameingia hadi katika tabaka la ndani la ute. Naomba uzingatie kipimo hicho: gramu 15 kwa siku ni nyingi kuliko mtoto anavyoweza kupata katika kipakiti kimoja cha unga wa juisi, kwa hiyo sisemi kwamba mwanao amefikia hali hiyo. Ninachosema ni kwamba njia ya madhara inajulikana, na kwamba kiungo ambacho kwa miaka mingi kilidhaniwa kupita tumboni bila kufanya lolote kimeonekana kufanya jambo.

E955 ni sukraloza, sukari bandia. Mwaka 2022 vilevile, watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliwagawa watu 120 katika makundi, baadhi ya makundi yakapewa sukari bandia za aina nne, kila moja aina yake, kwa majuma mawili, na zote nne zilibadilisha bakteria wa utumboni kwa namna fulani. Sakarini na sukraloza zilivuruga pia jinsi mwili unavyoshughulikia sukari. Watu hawakuathirika sawasawa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na bakteria wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari bandia zisitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Hata hivyo ushauri huo haumaanishi kwamba sukari ya kawaida ina usalama wowote wa pekee.

E102 na E129 ni rangi, ya njano na nyekundu. Rangi za kundi hili kwa sehemu kubwa hazifyonzwi zikiwa nzima. Zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wenyewe ndio wanaozivunja vipande vipande. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2022 ulionesha kwamba panya waliolishwa E129 kwa muda mrefu waliumwa zaidi utumbo wao ulipochokozwa. Hao ni panya, na ninalieleza kwa kiasi hicho tu. Ubuyu usio na maandishi ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyovitaja, kwa sababu rangi iliyotiwa haijulikani, na kiasi chake hakijulikani hata kwa aliyeupika.

Lakini kama ningeambiwa nikisie kinacholeta gesi na choo laini *leo*, ningeanza na kile kidogo kabisa: E420, yaani sobitoli, ambayo hutumiwa sana katika bigijii. Utumbo mwembamba haufyonzi sobitoli yote. Inayobaki huvuta maji, kisha bakteria wanaichachua na kutoa gesi. Mtoto akitafuna bigijii nne au tano kwa siku, tumbo litajaa. Hilo si ugonjwa, na huondoka zikiachwa.

Jambo la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko namba zote hizo: mtoto aliyeshiba vipakiti hali mbaazi. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi hawafi wote kwa njaa. Baadhi yao hugeukia ule ute wa utumbo na kuula. Kwa hiyo madhara ya chakula cha kiwandani yana pande mbili, kile kilichotiwa na kile kilichokosekana, na upande wa pili ndio watu wanaousahau.

---

Mkulima wa Kitangari (Newala):

Ninajibu kuhusu salfa, kwa kuwa ninaipuliza kila mwaka.

Dada, salfa ni kiberiti. Tunaipuliza kwa sababu ya ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajashika korosho. Salfa yenyewe haiyeyuki katika maji, na kiasi kidogo kikiliwa hakifanyi makubwa tumboni. Hata kilimo hai katika nchi nyingi kinairuhusu. Madhara yake makubwa yanampata anayepuliza, katika macho na kifua, na yanaupata udongo, kwa maana huuongezea asidi mwaka hadi mwaka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wametueleza hayo mara nyingi. Isitoshe tunapuliza wakati wa maua na vitegu, yaani korosho changa, na mabibo huiva baadaye. Bibo lioshwe, hasa kama lilidondoka chini, nawe utakuwa umetimiza wajibu wako.

Ninachokihofia mimi ni vitu viwili ambavyo havizungumzwi. Cha kwanza ni dawa za maji, ambazo si salfa, na ambazo kila moja ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuna wanaozichanganya kwa kukadiria, na kuna wanaozipulizia mchicha na nyanya leo na kuzipeleka sokoni keshokutwa. Cha pili ni mifuko. Mwaka mmoja, kwa uhaba wa magunia, nyumbani kwangu tulihifadhi makopa, yaani muhogo mkavu, katika mifuko iliyokuwa na salfa. Tulikung'uta, tukaosha, tukaanika, lakini unga uliotoka ulikuwa na harufu, na ugali wake ulikuwa na ukakasi ambao watoto waliukataa. Tulimwaga gunia zima na nusu, na ulikuwa mwezi wa pili, wakati chakula ni kigumu. Tangu siku ile mfuko wa dawa hauingii ndani ya nyumba yangu, uwe wa salfa au wa kingine.

---

Muuguzi mstaafu (Lindi):

Mama, naomba nikuulize jambo ambalo wenzangu hawajaliuliza: katika miezi hii mitatu mtoto amemeza antibayotiki mara ngapi? Nimefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi, na nimeona akina mama wengi wanaoogopa rangi ya peremende huku wakinunua metronidazoli na amoksilini dukani kila choo kinapolegea. Hakuna rangi ya chakula inayoweza kuvuruga bakteria wa utumboni kwa siku tano kama dozi moja ya antibayotiki inavyovuruga. Mtoto akiwa na ugonjwa unaozihitaji azipate na azimalize, lakini kuhara kwa kawaida kwa mtoto kunahitaji maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, wala si antibayotiki, isipokuwa mganga aone damu katika choo au dalili nyingine.

Antibayotiki hizo hizo zinatufikia pia kwa njia ya kitoweo. Mfugaji anayempa kuku dawa leo na kumchinja kesho, au kuendelea kuuza mayai katikati ya dozi, anatulisha mabaki yake. Dawa ya mifugo huandikwa siku za kusubiri. Muulize anayekuuzia mayai kama anazijua. Na mwanao akianza kupata damu katika choo, kupungua uzito, au maumivu ya kumwamsha usiku, usisubiri ushauri wa mtu yeyote hapa, mrudishe hospitali.

---

Binti Masasi:

Kwa heshima zote kwa bibi wa Newala, nimeona nisinyamaze pale anaposema kwamba zamani hakuna aliyesumbuliwa na tumbo kwa ugali wa muhogo. Mwaka 1988 huku kwetu wilayani Masasi watu waliugua kwa kula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha: kizunguzungu, kutapika na maumivu ya tumbo saa chache baada ya mlo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usioondoka, ulirekodiwa Mtwara vijijini. Hakuna kiwanda kilichohusika. Kemikali ilikuwa ndani ya muhogo wenyewe.

Ninaandika kwa kirefu kwa sababu habari hii ndiyo jibu halisi la swali la bakteria na kemikali, na ni ya nyumbani kwetu. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini. Linamarini ikiwa nzima haina ukali mkubwa, ila ikivunjwa hutoa sayanaidi. Ndani ya muhogo kuna kimeng'enya cha kuivunja, lakini kila kimoja kimehifadhiwa mahali pake, na havikutani mpaka muhogo upondwe, ukunwe au ulowekwe. Ndiyo maana wazee wanaoponda muhogo kabla ya kuuanika, kwa namna ambayo wengine huiita chinyanya, hupata unga wenye sumu ndogo kuliko wanaoanika vipande vizima vya makopa: kuponda kunavikutanisha, na sayanaidi inapaa hewani kabla haijafika mdomoni. Unga ambao haukupondwa wala kulowekwa unabaki na linamarini, na hapo ndipo bakteria wa utumboni wanapoingia, kwa kuwa baadhi yao wana kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Wao wanaivunja, na sayanaidi inazaliwa ndani ya tumbo letu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye eneo la Kahemba ambako konzo imezoeleka, ulikuta kwamba bakteria wa utumboni wa watu wa huko wanatofautiana na wa watu wa Kinshasa, na ukahusisha jambo hilo na uwezo wa bakteria kuivunja linamarini. Kwa hiyo, dada, bakteria si wahanga wa kemikali tu. Ni wapishi pia, na mara nyingine wanapika sumu.

Hatari inaongezeka mwaka wa ukame, maana mvua ikikosekana muhogo unazidi kuwa mchungu, na mwaka huo huo ndio ambao watu wanakosa subira ya kuanika vizuri. Siwalaumu, mchungu tunaupanda kwa sababu nguruwe na nyani hawaupendi.

Kuna njia rahisi iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia, ambayo imetumika Kongo kwa mafanikio makubwa. Tia unga wa muhogo katika beseni, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Mwanzo unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka au ungo, unene wake usizidi sentimita moja, uache juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha upike ugali siku hiyo hiyo, kwa sababu unga ulioloa haufai kulazwa. Sumu inapungua mara tatu hadi sita. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo ya unga.

Na mboga inayoshuka na ugali huo ina kazi yake. Mwili unaiondoa sayanaidi kwa kutumia viini vya protini vyenye salfa, ambavyo vimo katika samaki, dagaa, mayai na ufuta. Ugali wa muhogo kwa kisamvu cha maji matupu, siku baada ya siku, ndio mlo wa watu walioumia.

Nakuomba uangalie jambo moja: siku za maumivu zinafuatana na nini?

---

Mwanamaabara (Mikindani):

Ninamuunga mkono Binti Masasi. Nitaongeza utafiti mmoja wa hapa nchini, ili mama mkwe naye apate haki yake. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro: waliokuwa wakila chakula cha asili walibadilishiwa wakala chakula cha kiwandani kwa majuma mawili, na dalili za uvimbe wa mwasho (inflamesheni) katika damu zikaongezeka; wa mjini waliohamishiwa chakula cha asili zikapungua, na waliokunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachuka, kwa juma moja tu walionesha nafuu vilevile. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata majuma manne baadaye. Kwa hiyo bibi anakosea kuhusu muhogo usioandaliwa, lakini hakosei kuhusu mbaazi.

---

Mama wa Shangani:

Ahsanteni sana. Nimechukua siku 16 kabla ya kuwajibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilifungua daftari. Niliandika kila alichokula na kila siku aliyoumwa. Muuguzi, shikamoo, ni kweli, alikuwa amepewa metronidazoli mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilinunua mwenyewe bila kuandikiwa. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo.

Bigijii na unga wa juisi tuliviacha siku ya kwanza. Ubuyu sasa ninampikia mwenyewe kwa sukari kidogo bila rangi. Alilalamika kwamba haufanani na wa shuleni, lakini anaula. Katika siku 16 ameumwa mara mbili. Mara moja ni baada ya sherehe ya jirani, alikokunywa soda nyingi. Mara ya pili ilinishtua, kwa sababu hakukula chochote cha dukani: alikuwa ameshinda kwa bibi yake na kula ugali wa makopa mapya, na binamu yake aliyekula naye aliumwa pia siku ile ile.

Nilimsomea mama mkwe ujumbe wa Binti Masasi kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama yake alikuwa akiponda muhogo kila mara, na kwamba wao ndio walioacha kwa sababu makopa mazima ni kazi ndogo. Jana tulichora alama kwenye beseni kwa mkaa, tukatandaza unga kwenye ungo mbili uwani, na mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kufukuza kuku kwa saa mbili.